Asidi ya Seli na Subira ya Umma: Historia ya Transista Isiyo na Metali Langoni

Kila aliyewahi kugandisha maziwa nyumbani anaijua kemia nitakayoieleza hapa, hata kama hajawahi kuingia maabara. Maziwa yakiachwa kibuyuni, viumbe vidogo vilivyomo hula sukari yake na kutoa asidi. Maziwa huchachuka, kisha huganda. Ukali ule tunaousikia ulimini ni taka za viumbe vinavyoishi. Seli za miili yetu nazo hufanya vivyo hivyo. Seli ya ini, ya figo au ya uvimbe wa saratani hula, hupumua na kumwaga nje asidi kidogo, na maji yanayoizunguka huchachuka kwa kiasi ambacho ulimi hauwezi kukitambua. Seli ikichangamshwa, asidi huongezeka. Ikitiwa sumu, hupungua. Ikifa, hukoma.

Basi anayeweza kuipima asidi hiyo dakika kwa dakika, bila kuichoma seli wala kuitia rangi, huwa ameshika kitu kinachofanana na mapigo ya mkono ambayo mganga huyasikiliza kwa vidole. Makala hii inahusu kifaa kilichozaliwa kwa kusudi la namna hiyo, na safari ndefu kiliyopita kabla ya kulifikia. Wasomaji waliozoea kunisoma nikijadili bajeti na mabaraza ya vyuo wasishangae: historia hii ni ya bajeti na mabaraza kuliko inavyoonekana mwanzoni.

Tuanze na asidi yenyewe. Kipimo tunachokiita pH kilipendekezwa mwaka 1909 na Mdenmaki Søren Sørensen, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya kiwanda cha bia cha Carlsberg, Copenhagen. Kila hatua moja katika kipimo hicho ni badiliko la mara kumi katika wingi wa ioni za hidrojeni. Robo karne baadaye, huko California, Arnold Beckman alitengeneza mita ya umeme ya kupima pH kwa sababu rafiki yake, mkemia aliyefanya kazi kwa wakulima wa machungwa na malimau, alihitaji kujua ukali wa maji ya limau. Bia na malimau: ndivyo upimaji wa asidi ulivyolelewa, na sioni aibu yoyote katika ukoo huo.

Mita ya Beckman ilitegemea tufe dogo la kioo chembamba, lililotumbukizwa katika kimiminika. Ilifaa kwa glasi ya maji ya limau. Kwa seli ilikuwa sawa na kumpima sisimizi kwa mizani ya gunia. Otto Warburg, huko Berlin katika miaka ya 1920, alikuwa amepita njia nyingine: alikata vipande vyembamba vya uvimbe, akavifungia katika vyombo vya kioo na kupima gesi kwa manometa. Kwa njia hiyo aligundua kwamba seli za saratani humwaga asidi ya laktiki kwa wingi hata pale oksijeni inapotosha, jambo ambalo wataalamu wa saratani bado wanalijadili hadi leo. Lakini alihitaji tishu nyingi na muda mrefu, na jibu alilolipata lilikuwa jumla ya seli zote kwa pamoja.

Sasa tuhamie kwenye transista. Mwaka 1959, katika maabara za Bell nchini Marekani, wahandisi wawili wahamiaji, Mohamed Atalla, mzaliwa wa Port Said nchini Misri, na Dawon Kahng, mzaliwa wa Seoul, walitengeneza aina ya transista ambayo leo imejaa mabilioni kwa mabilioni katika simu zetu. (Ni ajabu jinsi jina la Atalla lisivyotajwa katika orodha zetu za wanasayansi wa Afrika, orodha ambazo hupenda sana kurudia majina yale yale.) Kifaa chao hufanya kazi kama bomba la maji. Mkondo wa umeme hupita ndani ya silikoni kutoka upande mmoja hadi mwingine. Juu ya njia hiyo kuna tabaka jembamba la oksaidi, kitu kile kile kilichomo katika mchanga na kioo. Na juu ya oksaidi kuna bamba la metali liitwalo lango. Ukitia volteji langoni, njia hufunguka au kufungwa. Lango haliguswi na mkondo wenyewe. Linauamuru kwa mbali, kwa nguvu ya chaji.

Miaka michache baadaye, mtu mmoja aliuliza swali ambalo wahandisi wa viwandani hawakuwa na haja ya kuliuliza: je, tukiondoa metali ile, na mahali pake tukaweka maji ya mwili?

Mtu huyo ni Piet Bergveld, na mahali ni Enschede, mji ulio mashariki mwa Uholanzi karibu na mpaka wa Ujerumani. Enschede ulikuwa mji wa viwanda vya nguo za pamba, na katika miaka ya 1960 viwanda hivyo vilikuwa vikianguka kimoja baada ya kingine. Chuo cha ufundi cha Twente kilikuwa kimeanzishwa huko mwaka 1961. Kilikuwa chuo kichanga katika mji unaopoteza ajira, mbali na miji mikubwa ya nchi hiyo. Nawaomba wanaoamini kwamba sayansi kubwa lazima izaliwe katika miji mikubwa walitafakari hilo.

Bergveld alikuwa mhandisi wa umeme aliyevutiwa na neva. Neva hupeleka ujumbe kwa kupitisha ioni za sodiamu na potasiamu kupitia utando wake, na Waingereza Hodgkin na Huxley walikuwa wameshaonyesha hayo mwaka 1952 kwa kutumia neva nene ya ngisi. Waliyapima mabadiliko ya umeme. Bergveld alitaka kuzipima ioni zenyewe pale zinapotoka. Mwezi Januari 1970 alichapisha taarifa fupi katika jarida la wahandisi wa vifaa vya tiba, na kichwa chake kilitaja wazi kusudi: kifaa cha kuhisi ioni kwa ajili ya vipimo vya neva. Aliacha oksaidi wazi. Kimiminika kikawa ndicho lango.

Kinachotokea hapo ni rahisi kukieleza. Uso wa oksaidi ukigusa maji hupata vikundi vidogo vya oksijeni na hidrojeni vinavyoweza kupokea ioni moja ya hidrojeni au kuiachia. Maji yakiwa na asidi nyingi, uso hupokea ioni zaidi na chaji yake hubadilika. Maji yakipungua asidi, huziachia. Transista iliyo chini huisikia chaji hiyo kama ambavyo ingesikia volteji ya lango, na mkondo wake hupanda au kushuka. Kwa kila hatua moja ya pH badiliko haliwezi kuzidi milivolti 59 hivi katika joto la nyuzi 25. Oksaidi ya silikoni haifikii kiasi hicho. Ya tantali hukikaribia sana, na ndiyo sababu watafiti waliofuata walibadilisha tabaka hilo mara nyingi.

Lakini kabla ya kufika huko palizuka ubishi ambao mimi huutumia darasani kuliko sehemu nyingine yoyote ya historia hii. Bergveld alidai kwamba kifaa chake kinaweza kufanya kazi bila elektrodi rejea, yaani bila ule waya wa pili unaotumbukizwa katika kimiminika ili kuwa kigezo kisichobadilika. Wengine walikataa. Mwaka 1974 Tadayuki Matsuo na Kensall Wise walichapisha kifaa cha jamii hiyo, na mwaka uliofuata Moss, Janata na Johnson, huko Utah, walitoa transista yenye utando unaochagua ioni za potasiamu. Hoja iliyoshinda baada ya miaka ya majibizano ilikuwa ile ya kale ya fizikia: volteji ni tofauti baina ya nukta mbili, na anayepima nukta moja bila kuishikiza nyingine hajui ni ipi iliyosogea. Elektrodi rejea ikarudi, na ipo hadi leo.

Nauthamini ubishi huo kwa sababu ulifanyika hadharani, katika majarida, na aliyeshindwa hoja hakupoteza kazi. Aliendelea kufundisha, kuongoza wanafunzi na kuboresha kifaa kile kile kwa miongo mitatu. Mwaka 2003 alichapisha makala ndefu ya kutazama nyuma miaka 30 ya fani aliyoianzisha, na humo aliyaeleza matatizo kwa uwazi usio wa kawaida kwa mvumbuzi.

Matatizo yenyewe hayakuwa madogo. Kubwa kuliko yote ni kupeperuka kwa kipimo. Transista ikikaa ndani ya maji ya chumvi, uso wake hubadilika polepole, na namba husogea hata pale asidi isiposogea. Kwa mtu anayepima maji ya limau, hilo ni usumbufu wa kurekebisha mita asubuhi. Kwa anayepima seli, ambazo kwa dakika moja hubadilisha sehemu ndogo tu ya hatua ya pH, ni balaa: kile kinachopeperuka kinaweza kuwa kikubwa kuliko kile kinachotafutwa. Isitoshe, maji hupenya kwenye nyaya, na nyaya zikilowa kifaa kimekwisha.

Kwa hiyo kifaa kilichozaliwa kwa ajili ya neva kikaenda kutafuta riziki kwingine. Kilipata kazi kwenye viwanda vya nyama, maziwa na jibini, mahali ambapo tufe la kioo halitakiwi kwa sababu likivunjika vipande huingia katika chakula. Kwa miaka mingi huo ndio ulikuwa uhai wake. Mkaguzi aliyeisoma ripoti ya mradi ule mwaka 1980 angeweza kuandika bila kosa la kiuhasibu: kusudi halikufikiwa.

Kurudi kwenye seli kulianza mwishoni mwa miaka ya 1980, na hakukuanzia Enschede. Harden McConnell na wenzake huko California walitumia silikoni inayomulikwa na mwanga, binamu wa transista ya Bergveld, kupima asidi inayomwagwa na seli hai. Mwaka 1992 waliielezea mashine kamili katika jarida la Science. Ujanja wao ulikuwa katika pampu. Maji ya lishe hupitishwa juu ya seli mfululizo. Kisha pampu husimamishwa kwa muda mfupi. Asidi hukusanyika, na mashine husoma kasi ya kuchachuka. Pampu hurudi, asidi huoshwa, na mzunguko huanza upya, kwa saa nyingi. Hapo ndipo tatizo la kupeperuka lilipopunguzwa makali, kwa maana hakuna tena haja ya kujua pH ya saa sita zilizopita. Kinachohitajika ni mteremko wa muda ule mfupi, na kila mzunguko unaanza na maji mapya yaliyo kigezo chake wenyewe.

Mwaka 1991, huko Ujerumani, Peter Fromherz na wenzake waliweka seli ya neva ya ruba juu ya transista na kuusikia umeme wake moja kwa moja, bila kuitoboa. Na ilipofika mwaka 2000, watafiti wa Kijerumani walikuwa wakiotesha seli za uvimbe juu ya safu za transista za kuhisi ioni, na kwa kusimamisha na kuendesha maji kama McConnell, walipima asidi iliyo katika upenyo mwembamba baina ya seli na silikoni. Kusudi la Bergveld lilikuwa limefikiwa kwa namna yake, miaka 30 baadaye, na kwa mikono ya watu wengine.

Neno safu hapa lina uzito. Transista moja hutoa wastani wa seli zote zilizo juu yake, na wasomaji wa uchumi wanajua wastani unavyoweza kuficha mambo. Katika uvimbe uliotiwa dawa, seli tisini na tano zinaweza kunyamaza na tano zikaendelea kumwaga asidi kana kwamba hakuna lililotokea. Hizo tano ndizo zitakazourudisha ugonjwa. Ili kuziona lazima kila eneo dogo liwe na msikilizaji wake. Mwaka 2005 Milgrew, Riehle na Cumming wa Chuo Kikuu cha Glasgow walichapisha safu ya transista 16 kwa 16, yaani 256, kwa lengo la kupata picha ya asidi kuzunguka seli. Jambo lililokuwa na matokeo makubwa ni kwamba chipu yao ilitengenezwa kwa utaratibu wa kawaida wa viwanda vya kompyuta, bila kuongeza hatua maalumu. Kiwanda kinachoweza kutoa 256 kwa namna hiyo kinaweza kutoa milioni.

Na milioni zilitoka, ila kwa kazi nyingine tena. Herufi moja ya DNA inapounganishwa kwenye uzi unaonakiliwa, ioni moja ya hidrojeni huachiwa. Ni asidi ile ile, safari hii kutoka kwenye molekuli badala ya seli nzima. Mwaka 2011 Jonathan Rothberg na kundi lake walieleza katika Nature chipu yenye visima vidogo milioni 1.2, kila kimoja kikiwa na transista ya kuhisi ioni chini yake, na wakasoma jenomu ya Gordon Moore, mmoja wa waasisi wa Intel. Kampuni yao, Ion Torrent, ilikuwa imenunuliwa mwaka mmoja kabla kwa dola milioni 375, pamoja na ahadi ya nyongeza iliyoweza kufikisha bei milioni 725.

Mwaka huo huo wa 2011 ugonjwa wa kuhara damu uliotokana na bakteria uliikumba Ujerumani kaskazini na kuua watu zaidi ya 50. Matango ya Hispania yalilaumiwa kwanza, bila haki. Chanzo kilikuja kutajwa kuwa machipukizi ya uwatu. Uchunguzi wa chakula ndio uliokifichua chanzo, si chipu. Lakini jenomu ya bakteria huyo ilisomwa kwa mashine hizi katika siku chache, kwa ushirikiano wa hospitali ya chuo kikuu ya Hamburg na taasisi ya BGI ya China, na data ikatolewa bure kwa yeyote aliyetaka kuichambua. Watafiti wa nchi nyingi waliichambua mara moja.

Hapa ndipo ninapotofautiana na namna historia hii inavyosimuliwa katika semina zetu za ubunifu. Husimuliwa kuanzia 2007, ilipoanzishwa kampuni, na kuishia 2010, ilipouzwa. Miaka mitatu, mtaji, kijana mwerevu, faida. Vijana wetu hupewa hadithi hiyo kama ramani. Ukiisoma kuanzia 1970, sura yake ni nyingine kabisa: mishahara ya vyuo vya umma vya Enschede, Glasgow na Ulm, wanafunzi wa uzamivu waliomaliza wakiwa na kifaa kinachopeperuka, na miaka 30 ya watu kuruhusiwa kuendelea. Simdharau Rothberg, kutoka transista 256 hadi milioni 1.2 si kazi ya mchezo. Ninachokataa ni hesabu inayoanza pale fedha ya kwanza ya mwekezaji ilipoingia.

Atasema mtumishi wa hazina: nchi tajiri zinaweza kungoja, sisi tuna zahanati zisizo na dawa. Hoja hiyo nimeisikia kwa watu ninaowaheshimu na siipuuzi. Lakini tazama kinachongojwa. Mwaka 2016 watafiti wa Imperial College London, pamoja na kampuni ya DNA Electronics, walichapisha kipimo cha kiasi cha virusi vya UKIMWI katika damu, kilichotumia chipu ya jamii hii iliyowekwa kwenye kijiti cha ukubwa wa flashi ya kompyuta. Katika sampuli 991 usahihi ulikuwa asilimia 95, na jibu lilipatikana kwa wastani wa dakika 20.8. Kwa wagonjwa ambao sampuli zao husafirishwa kutoka zahanati hadi maabara ya mbali, kisha majibu husubiriwa kwa siku au majuma, haja ya kipimo kama hicho haina mjadala. Aliyenacho ndiye atakayeamua bei, lugha ya maelezo na ni ugonjwa gani ufuate. Hata katika kutongoja kwetu tunangoja, ila tunangoja dukani.

Mpango wa Lagos wa mwaka 1980 uliitaka Afrika itenge asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti, na wakuu wa nchi walilirudia lengo hilo Addis Ababa mwaka 2007. Tunazijua bajeti zetu. Lakini hata kidogo kinachotengwa hutolewa kwa miradi ya miaka miwili au mitatu, kwa fomu inayodai matokeo yanayoonekana kabla ya awamu ya pili, na kamati za tathmini huuliza swali moja: je, kusudi lililoandikwa limefikiwa? Kwa kipimo hicho transista ya Bergveld ingefutwa kabla ya mwaka 1975, na nyama ya Uholanzi ingeendelea kupimwa kwa kioo.

Pendekezo langu ni dogo na lina gharama ndogo. Tume na mabaraza ya sayansi ya nchi zetu yatenge fungu moja, hata kama ni sehemu ya kumi ya ruzuku zao, kwa watu wachache wa vyuo vya umma, kwa muda wa miaka kumi badala ya mitatu, na wahadhiri wa vyuo vya mikoani wapewe nafasi sawa na wa miji mikuu. Ripoti ya kila mwaka ieleze kilichojifunzwa na kilichopeperuka. Mtafiti anayebadili kusudi kwa sababu alizozieleza asihesabiwe kuwa ameshindwa. Fedha za kununua chipu zenyewe hazihitajiki mwanzoni: utaratibu wa viwanda ni ule ule wa chipu za simu, na michoro inaweza kufanyiwa kazi katika chumba chenye kompyuta tano, umeme wa uhakika, na mwalimu ambaye hatahamishwa.